Fundi Verna na akaunti iliyomfukuza Walt

Saa tatu asubuhi, Oktoba hii, Verna Tkachuk anaketi jikoni kwa Bi Lorna Friesen, mjini Brandon, Manitoba, na kuwasha kompyuta aliyoitengeneza Februari. Kahawa aliyomiminiwa hajaigusa.

"Leo sikuja kutengeneza," anasema. "Nimekuja kukiri kosa."

Verna, miaka 54, alikuwa fundi wa televisheni kwa miaka ishirini na miwili. Kazi ilipokauka akahamia kwenye kompyuta. Feni, betri, vioo, hapo humwezi. Programu alijifunza kwa kupapasa tu, na wateja hawakumuuliza.

Februari ile, alipoorodhesha akaunti zote za kompyuta hii, aliona moja asiyoijua: ya msimamizi, yenye mamlaka yote, ambayo haionekani mtu anapowasha. Akamwambia mama wa watu kwamba kuna mtu kaificha humo ili amchungulie. Lorna, miaka 71, hakuwa na wa kumshuku ila mdogo wake, Walt, aliyemnunulia na kumwandalia kompyuta yenyewe. Siku hiyo hiyo alimnyang'anya ufunguo wa nyumba. Walt aliapa, akalia, akaondoka.

Wiki mbili zilizopita Verna alitoa kompyuta mpya kwenye boksi. Akaunti ile ile ilikuwamo.

"Nikasoma maelezo ya waliotengeneza programu," anasimulia. "Kumbe kompyuta inatoka nayo kiwandani, imezimwa, wala haina ubaya. Nami nimemsingizia mtu. Nikakaa kimya siku kumi na nne, kwa aibu tu."

Sasa anamwonyesha Lorna kumbukumbu za kompyuta: akaunti hiyo haijawahi kufunguliwa hata mara moja. Lorna anasoma, anarudia kusoma.

"Ningemuuliza vizuri ndugu yangu," anasema. "Nikaona wewe ndiye fundi, unajua."

"Nilijifanya najua, mama."

"Basi kamwambie wewe. Mimi hata kumpigia simu naona haya."

Walt sasa anaishi Dauphin, mwendo wa saa mbili kwa gari. Verna amejiandikisha masomo ya kompyuta ya jioni yatakayoanza Januari, na hadi hapo, anasema, hatamwambia mteja jambo asilo na hakika nalo. Ila Dauphin haisubiri Januari. Anakwenda Jumamosi.

"Akinifungia mlango usoni, sawa, nitabisha tena," anasema. "Yeye kafungiwa miezi minane, na hakufanya kitu."