Mama wa Mkuyuni na Mfumo Nilioucheka

Mama aliyekuwa akisaga chakula cha kuku pale Mkuyuni amefariki. Habari ilinikuta Jumanne asubuhi nikiwa kwenye kivuko cha kwenda Kamanga, na aliyenipa alikuwa abiria mwenzangu, mfugaji wa Sengerema, ambaye hakujua kama nilifahamiana na marehemu. Alisema yule mama ameondoka jana, na kabla sijapata la kujibu akaongeza kwamba itabidi anunue mifuko kadhaa mapema, maana biashara ile nayo itamfuata mwenyewe kaburini. Hatua chache kutoka tulipokaa palikuwa na lori dogo, limebeba mifuko ya huyo huyo mama. Nilihuzunika, kisha nikakasirika. Sikumkasirikia mfugaji. Nilijikasirikia mwenyewe, kwa sababu maneno kama yale niliwahi kuyaandika mimi, hapa hapa kwenye safu hii.

Wasomaji wangu wa siku nyingi watakumbuka. Mama huyu alikuwa mtu wa Kagera aliyeolewa na Msukuma, akafiwa na mume mapema, akabaki na binti mmoja na mashine moja ya kusaga. Nilimfahamu kwa sababu nami nafuga kuku wachache, na kwake nilikuwa nikipewa chai kila nilipofuata chakula. Mashine moja ikawa tatu. Akafungua duka Mabatini, kisha ghala ng'ambo ya ziwa, karibu na gati la Kamanga. Na vyote hivyo vilikaa kichwani mwake: pumba imebaki kiasi gani, dagaa watatosha mpaka lini, nani kaagiza nini. Hata mifuko haikuandikwa kitu. Ilitofautishwa kwa uzi ulioshonea mdomo: mwekundu ni kuku wa mayai, wa buluu ni kuku wa nyama, mweupe ni vifaranga. Sisi wateja tuliona ni ufundi, tukamsifu, naye akizipenda sifa hizo.

Halafu akafiwa na mama yake mzazi, akaenda Bukoba kuzika. Hakuwa amekaa huko wiki, uzi wa buluu ukaisha. Sasa wewe msomaji, uliyelelewa kanda hii, ungefanya nini? Ungempigia simu mtu aliyekalia mkeka wa msiba wa mama yake umuulize habari za uzi? Wafanyakazi wake waliona ni utovu wa adabu, nami ningeona hivyo hivyo. Wakashonea mwekundu, wakaipanga mifuko ile upande wa mlangoni, wakaambiana kwamba ya mlangoni ni ya kuku wa nyama. Gari lilipokuja kupakia la Mabatini, halikujua habari za mlangoni. Wiki chache baadaye mama mmoja mjane, aliyeishi kwa mayai ya kuku wake, alikuja Mkuyuni na yai mkononi, ganda lake laini kama ngozi. Nyuma yake wakaja wengine. Kuku wa mayai waliolishwa chakula cha kuku wa nyama walikosa chokaa ya ganda, wakaanza kugoma kutaga.

Mama aliporudi kutoka Bukoba alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na kila aliyeharibikiwa akapelekewa chakula kingine. Nilitarajia amfukuze mtu. Nilipomuuliza mbona hajamfukuza hata mmoja, alinijibu kwa sauti ya chini.

"Hawakukosea, mwandishi. Walinionea huruma. Ila Mabatini na Mkuyuni hawakuwa na pa kuongelea isipokuwa kichwani mwangu, na kichwa changu kilikuwa msibani."

Ndipo alipoweka ule mfumo wa kompyuta unaounganisha biashara nzima: ghala, mashine, duka na gari, vyote vikionana. Mfuko ukitoka Mabatini, Mkuyuni wanaona. Dagaa wakikaribia kupungua, mfumo unasema kabla ya mtu kukwangua sakafu. Kila mchanganyiko una namba, na namba hiyo imeandikwa kwenye mfuko, uzi uwe wa rangi yoyote. Mimi nikacheka. Niliandika hapa kwamba mtu wa Kagera hakosi kitu cha kujivunia, kwamba mashine za pumba hazihitaji vioo vya kompyuta kama vya benki, na kwamba biashara ni mwenyewe, siku akienda nayo imekwenda. Watu wengi walinipongeza kwa makala ile. Yeye aliikata gazetini, akaibandika ukutani juu ya kompyuta, na kila nilipofika aliniwekea kiti mbele yake ninywe chai nikiisoma.

Sitadanganya kwamba mambo yalinyooka siku ya kwanza. Umeme ulikatika, akanunua betri. Mtunza ghala wake, mzee wa makamo ya baba yangu, alisema ana macho na haoni kwa nini aazime ya kompyuta. Wafanyakazi waliendelea kuandika kwenye madaftari kwa siri, wakaingiza yote Jumamosi kwa mkupuo, hivyo Jumatano mfumo ulikuwa ukisimulia habari za wiki iliyopita. Mama alikusanya madaftari yote akaenda nayo kwake, akawaambia kuanzia siku hiyo kama kitu hakimo kwenye mfumo, hakipo. Kesho kutwa yake nilikuwepo kwa macho yangu. Alibeba mfuko mmoja wa kuku wake wa nyumbani, yule mzee akasimama mlangoni.

"Mama, samahani. Huo haujaingizwa. Kama haumo kwenye mfumo, haupo."

Alimtazama kitambo, mfuko uko begani. Mimi nilikwisha kuweka kikombe chini nikijua mzee wa watu hana kazi. Mama akautua, akarudi ofisini, akauingiza, akaja kuuchukua. Jioni ile, nilivyoambiwa, mzee alienda kumwomba amfundishe kutumia mwenyewe, bila kusomewa na mtu.

Tunapenda mno, ndugu zangu, mtu asiyeweza kukosekana. Mjini hapa tunamwita tajiri mwenye simu inayoita mpaka kanisani, kwa sababu bila yeye ghala halifunguliwi. Tunaita hiyo ukubwa. Mimi leo nasema ni woga. Biashara ikiwa kibanda, kichwa kimoja kinaitosha, na sina ugomvi na mwenye kibanda. Lakini ikishavuka maji ikafika ng'ambo, kichwa kimoja kinakuwa kizibo cha chupa. Wenye maduka wananiambia mfumo utawatolea siri zao nje. Siri gani? Nimeona wapwa wakifungua ghala la mjomba wao aliyefariki bila kujua kilichomo, na fundi akiondoka duniani na vipimo ambavyo hakumwandikia mtu yeyote, hata mke. Siri hizo hazikumlinda yeyote kati ya waliobaki. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema, na mama yule alichofanya ni kuchukua daftari moja linalosomeka Mkuyuni, Mabatini na Kamanga kwa wakati mmoja.

Nilifika msibani Jumatano, baada ya maziko. Shemeji yake, kaka wa marehemu mume, alikuwa amekwisha kusimama mbele ya ukoo. Alianza kwa kulaumu: lori limevukaje Kamanga kesho yake ya kifo, hawa wafanyakazi hawana heshima? Kisha akafika alikotaka kufika. Mwenye biashara ameondoka na biashara yake kichwani, binti ni mwalimu wa shule na hajui pumba wala mashudu, kwa hiyo mashine ziuzwe, watu wagawane, yaishe kwa amani. Wazee kadhaa waliitikia kwa vichwa. Wafanyakazi walikuwa wamesimama nyuma karibu na majiko, kazi yao ikizungumzwa kama nguo za marehemu. Nami niliyasikia maneno yangu kwenye kinywa cha mtu mwingine.

Binti alipiga goti kidogo, akamwamkia. "Shikamoo, baba mkubwa." Mzee akaitikia marahaba. Binti akamwambia lori lilivuka kwa sababu wafugaji wa Sengerema waliahidiwa Jumanne, na mama alikuwa ameacha agizo kwamba kuku hawafungi kwa ajili ya msiba wa mtu. Baba mkubwa akauliza, basi hilo lori ni nani aliyeliidhinisha, marehemu? Binti akamjibu kwa adabu ile ile.

"Ni mimi, baba. Mama alijiondoa kwenye mfumo miezi mitatu iliyopita, alipoambiwa hatapona. Tangu siku hiyo kila mzigo nauidhinisha mimi, nikitoka darasani. Mzee wa ghala ndiye aliyenifundisha."

Miezi mitatu. Nilipiga hesabu ya vikombe vya chai nilivyokunywa pale katika miezi hiyo, yeye kaketi kwenye kochi la pembeni akinitania, nami nikidhani namtazama mwenye biashara akiendesha biashara. Alikuwa mgeni kama mimi. Alikuwa anatazama kama vitakwenda bila yeye, na vilikwenda, na hakuna mteja hata mmoja aliyejua. Baba mkubwa aliketi. Mashine hazikuuzwa, na mzee wa ghala aliomba ruhusa akafungue, kwa kuwa Mabatini walikuwa wakisubiri mzigo.

Nilichoandika siku ile nakifuta leo, nanyi mliokikata mkakiweka, kitupeni. Biashara si mwenyewe. Mwenye biashara anayejisifu kwamba bila yeye hakuna kitu anatutangazia msiba wa pili kabla ya wa kwanza. Jana nilipita Mkuyuni kuchukua chakula. Makala yangu bado iko ukutani, binti amekataa kuibandua, na kiti changu kiko pale pale mbele yake. Niliketi nikaisoma yote. Nilipoinuka niliangalia mfuko wangu: namba iko mahali pake, na mdomo umeshonwa kwa uzi wa buluu. Safari hii msiba ulikuwa wake, na uzi haukuisha.