Mapacha wa Nuru bado hawajaimbiwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Nuru Masudi ameshafagia ua mara mbili. Anakaa, anasimama, anachungulia barabara, anarudi kumwinua shangazi yake Malaika anayekohoa mkekani. Kisha anashika ufagio tena.

Mji mzima wa Kindu, mashariki mwa Kongo, unamjua. Hakuna harusi wala matanga ya maana asikoalikwa kuimba, na simu yake imejaa nyimbo za zamani alizorekodi kwa wazee wa vijijini, kutoka Obokote hadi Kampene. Anazikimbilia kama mtu anayeokoa vyombo nyumba ikiungua. Wimbo mmoja tu umemshinda, nao umelala mkekani kwake.

Ni wimbo wa kupokea mapacha. Kwa desturi ya ukoo wao, mapacha huimbiwa wote wawili pamoja, na waliotangulia kuzaliwa hawarukwi: wasipoimbiwa wao, wanaofuata hawaimbiwi. Anayeujua amebaki Malaika peke yake.

Mwaka 2002 vita viliizingira Kindu. Nuru alikimbia na mimba, akajifungulia msituni mapacha wake, Asani na Useni. Askari walikuwa wakipita karibu, basi Malaika, aliyemzalisha, akaumeza wimbo.

"Watoto yangu waliingia mu dunia kama wezi," anasema Nuru. "Hata kilio yao tuliifunika na kitenge. Ile kitu inaniuma mpaka leo."

Vita viliwatenganisha na shangazi. Shangazi aliporejea, vijana hao wawili walikuwa wameshatawanyika kutafuta riziki. Mapacha wengine wamezaliwa mtaani, Malaika amekataa kuwaimbia. Wa msituni bado wanangoja zamu yao.

Asani amefika juzi kutoka Obokote anakolima. Useni yuko kwenye machimbo ya dhahabu, mahali paitwapo Kama. Kila wiki anaahidi kuja, kila wiki dhahabu inamwambia subiri. Mimi, mgeni wao, nilithubutu kuuliza kwa nini wasirekodi tu, Asani akiwepo. Malaika alinitazama mpaka nikanywea.

"Mapacha ni wawili," alisema. "Nikiimbia mumoja, ule mwingine nitakuwa nimemuzika."

Nuru amechoka kungoja. Asubuhi hii Félicien, dereva wa pikipiki, anafunga mto wa kuegemea nyuma ya kiti chake. Asani atafuata kwa pikipiki nyingine. Wanampeleka Malaika hadi Kama kwa Useni, porini kwenyewe, na muuguzi ameshaonya kwamba kifua hicho huenda kisifike.

Nuru anasita, anafungua mto, anaufunga upya. Shangazi ndiye anayekata shauri.

"Mu msitu nilinyamaza juu ya kuogopa kufa," anasema, akinyoosha mikono ainuliwe. "Sasa kufa njo hii iko mulangoni. Niogope nini tena? Munipandishe."