Kitanda Kilichopimwa kwa Baiskeli

Kwa miaka mingi kazi yangu ya ufundi wa vifaa tiba hapa Ifakara ilikuwa kutengeneza vilivyoharibika. Sikuwahi kujiuliza kama kifaa kizima nacho kinaweza kumfukuza mgonjwa. Aliyenifundisha ni dada mmoja wa Lipangalala, mkulima wa mpunga, ambaye miguu yake haina nguvu tangu utotoni.

Alikuwa mwenzetu katika utafiti wa kurekebisha vifaa vya kliniki, uliofanywa pamoja na watu wenye ulemavu. Tena alikuwa mjamzito. Katika mimba ya kwanza wanaume wawili walimbeba kumpandisha kitanda cha kupimia, khanga ikamfunguka mbele ya watu.

"Kubebwa kama gunia sirudii," alituambia. "Bora nizalie nyumbani."

Tuliogopa, maana mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na kovu lingeweza kupasuka akizalia nyumbani.

Nikapima kiti cha baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile anayoiendesha kwa mikono, kisha nikakata miguu ya kitanda cha kliniki hadi vikalingana. Niliona ni jambo rahisi: unasogeza baiskeli ubavuni, unahamia kitandani. Tukamwita kikaoni, tukala wali pamoja, tukamwuliza mbele ya wote anakionaje.

"Kizuri sana, Mungu awabariki."

Tukapiga makofi. Mwezi uliofuata hakuja kliniki.

Nilimfuata nyumbani pamoja na nesi wa kliniki. Tulimkuta uani, kwenye mkeka, akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama," alimwamkia nesi.

"Marahaba, mwanangu. Umetususa?"

Akacheka kwa aibu. "Kitanda chenu ni cha mtu aliye kwenye baiskeli. Mimi baiskeli naiacha mlangoni."

"Mlangoni? Kwa nini?" nikauliza.

"Fundi, wewe ndala zako umeziacha wapi?"

Nilikuwa nimezivua kando ya mkeka, zimejaa tope. Masika huku tope la mashambani hukufuata kila mahali, na hakuna mwenye adabu anayeingia nalo ndani kwa watu. Baiskeli ndiyo viatu vyake. Anaiacha nje, anaingia akijisogeza sakafuni kwa mikono. Safari yake ya kitandani inaanzia sakafuni, nami niliipima kutoka kitini.

"Mbona hukusema kikaoni?" nesi akamwuliza.

"Mama, mtu kakupikia wali, utamwambia chumvi imezidi?"

Nikamwomba anionyeshe anavyopanda kiti chake cha pale uani. Alitoka mkekani akakalia kigoda, kutoka kigoda akahamia kitini, kama mchezo. Nikapima kigoda, yeye mwenyewe akashika ncha ya futi. Tukatengeneza ngazi mbili pana zenye mshikio, za kupandia kitanda cha kliniki. Alipozijaribu, ile ya chini aliikataa bila kuremba: inateleza sakafuni. Tukaipigilia vipande vya tairi chini. Mpaka leo namshukuru zaidi kwa kukataa kule kuliko kwa sifa zake zote.

Siku aliyokuja kliniki aliingia kwa mikono, ngazi moja, ya pili, kitandani. Nesi akanyoosha mikono kumsaidia.

"Mikono yako tia mfukoni, mama. Na wewe fundi, toka nje, napimwa."

Alipomaliza alinikuta barazani. "Na kitanda cha kule wodi ya kujifungulia, kina ngazi?"

"Bado, dada."

"Basi chukua futi yako twende sasa hivi. Nikija kuzaa sitaki kuwakuta mnakata mbao."