Paka wa Mama Vipimo

Mama Vipimo hakuwa mtu wa kuamini haraka. Mteja akimwambia kochi lake ni la watu watatu, aliitikia vizuri, kisha akaenda mwenyewe na tepu shingoni kulipima. Ncha ya pili ya tepu aliibana kwa pini. Hakumpa mtu kuishika, kwa sababu mkono wa mtu, alisema, hulegea bila mwenyewe kujua. Alishona makava ya makochi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani ikitazama mlango ili asipitwe na mtu.

Basi paka wake, Uzi, alipoanza kujilamba kupita kiasi, Mama Vipimo hakuuliza "nini?" Aliuliza "nani?"

Paka kujilamba si ajabu. Lakini Uzi alijilamba kama mtu anayesugua doa lisilotoka. Akiwekewa chakula, alionja kidogo, kisha akageuka kulamba tumbo, mapaja, na mgongo hadi shina la mkia. Manyoya yakaisha tumboni, ikabaki ngozi nyekundu kama ya kifaranga.

Na balaa hili lilianza baada ya mkwe kuingia. Mwanawe, dereva wa lori, alioa, akamleta mkewe kwa mama, akarudi barabarani. "Mama, nitunzie," alisema. Binti alikuwa mpole na mchapakazi, ila kwa kufua hakuwa na breki. Alifua mapazia, mashuka, hata matambara ya jikoni, na sakafu aliipiga deki kwa dawa yenye harufu ya kukata pua.

"Kimya kingi kina mshindo, shoga," Mama Vipimo alimnong'oneza jirani yake muuza mkaa. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Unamwonea mtoto wa watu. Wivu tu huo."

"Wivu wa nini? Kwani mwanangu nilitaka anioe mimi?"

Jirani alicheka hadi akashika ukuta. Mama Vipimo hakucheka. Alikuwa ameona jambo: kila akimtaja paka mbele ya mkwe, binti hukunja mguu mmoja na kuusugua kwa mwingine, kama mtu aliyebanwa na swali. Mtu msafi wa moyo husimama kwa miguu yote miwili.

Akaanza kulinda. Chakula cha paka alipika mwenyewe, bakuli akalificha nyuma ya pasi. Mkwe akipita na ndoo, cherehani ilinyamaza hadi apite. Mwishowe akamfungia Uzi katika chumba cha kazi, juu ya rundo lake alipendalo: makava ya zamani ya wateja.

Rundo hilo ndilo kitu pekee ambacho mkwe hakuruhusiwa kukigusa. Wiki yake ya kwanza alilibeba kwenda kulifua, Mama Vipimo akaruka kama aliyekalia sindano. "Hayo hayafuliwi! Kitambaa kikifuliwa kinasinyaa, kikisinyaa kipimo kinadanganya!" Kava kuukuu lilikuja na vumbi la nyumba lilikotoka, likafumuliwa, jipya likakatwa juu yake, kisha lile kuukuu likatupwa kwenye rundo, liwe kipimo cha safari nyingine.

Ajabu ni kwamba kadiri alivyomfungia, ndivyo Uzi alivyozidi kujilamba. "Basi sumu imeshamwingia," akakata shauri. Mwanawe angepiga simu jioni, naye angemwambia wazi: mimi na mkeo, mmoja ahame. Ila neno kama hilo halisemwi bila ushahidi. Akamtia paka kikapuni aende kwa daktari wa mifugo.

"Mama, nikubebee."

"Nina mikono."

Binti akamfuata hivyo hivyo, hatua chache nyuma.

Daktari alikuwa mama mnene mwenye sauti ya mnadani. Hakutaka hadithi ya sumu. Alichukua kitana chenye meno yaliyokaribiana, akachana mgongo karibu na mkia, akakung'uta juu ya pamba nyeupe yenye maji. Zikadondoka chembe nyeusi kama pilipili manga. Taratibu zikayeyuka, zikaacha rangi ya kutu.

"Kinyesi cha viroboto. Hiyo ni damu ya paka wako, dada."

"Viroboto? Kwangu? Nyumba inapigwa deki hadi majirani wanapiga chafya!"

"Sakafu sijaiuliza. Analala wapi?"

Mama Vipimo alikohoa. "Kwenye… vitambaa vya kazi."

"Vinafuliwa?"

Mkwe akasugua mguu kwa mguu, na safari hii Mama Vipimo akatazama chini vizuri. Vifundo vya miguu ya binti vilijaa vidoa vyekundu.

"Vinaanikwa juani, daktari," mkwe akadakia.

Uongo mtupu. Mama Vipimo alimkodolea macho. Kwa nini anidanganyie?

Daktari akatoa matone ya kuweka shingoni, mahali ulimi wa paka haufiki. Akaamuru kila kitambaa kifuliwe kwa maji moto. "Na hiyo dawa kali ya sakafu acheni. Paka anaikanyaga, kisha anailamba."

"Nilisema!" Mama Vipimo akamgeukia mkwe.

"Ulisema, mama," mkwe akakubali.

Njiani kikapu kilishikwa na wote wawili.

"Ulikuwa unawashwa, hukusema?"

"Nilidhani mama umenimwagia kitu ili niondoke. Unaficha bakuli, kila nikipita unanitazama…"

Mama Vipimo alisimama katikati ya njia. Alifungua mdomo kukasirika, akaviona tena vile vidoa miguuni, akavuta kikapu waendelee.

Jioni simu ilipolia, maji yalikuwa yakichemka uani. Rundo lote lilikuwa mezani. Kila kava lilipimwa kwanza, vipimo vikaandikwa kwa chaki ukutani, ndipo likaenda kwenye beseni.

"Mama, mnaendeleaje? Mke wangu hajambo?"

Uzi alikuwa dirishani, akijilamba bado. Mama Vipimo alimtazama, kisha akamtazama binti upande wa pili wa meza.

"Hajambo. Yupo hapa, ananishikia ncha ya tepu."

Akaivuta kidogo, kuhakikisha. Haikulegea.