Treni za Kaskazini na Treni za Kusini

Wapenzi wa treni ndogo za mfano tuna ugonjwa mmoja, nao ni kulinganisha. Ukiwakuta wawili wamesimama na vikombe vya chai, ujue wanabishana onyesho lipi lilikuwa bora, nani alikuwa na daraja refu zaidi, na nani alipaka milima yake kijani ambacho hakuna mlima wa Afrika unaokijua. Jumamosi iliyopita, kwenye ukumbi mmoja hapa Johannesburg, bwana mmoja aliniuliza swali lile lile: katika maonyesho makubwa yote niliyowahi kuyaona, lipi ninaliweka la kwanza? Nikamtajia lile la kusini mwa jiji, karibu na mtaa wa Turffontein. Akacheka. Lile, akasema, lilikuwa meza moja na birika la chai. Alikuwa anasema kweli, nami sikumbishia. Lakini wewe, rafiki yangu, kaa nikueleze, maana yeye sikumweleza.

Tulihamia Johannesburg nikiwa mdogo, miaka ile ya mwanzo baada ya watu wote wa hapa kupiga kura. Baba ni mtu wa huku, mkimbizi wa siasa aliyekaa Morogoro mpaka Kiswahili kikamkaa. Mama ni mtoto wa Tabora, fundi cherehani, na walikutana Morogoro akishona sare za watoto wa wakimbizi. Uhuru ulipofika, baba alirudi nyumbani. Mama naye watu walimpongeza kwamba sasa anarudi nyumbani, na hakuna aliyesikia kasoro ya maneno hayo isipokuwa yeye mwenyewe.

Tulipanga nyumba ndogo ya matofali Turffontein, upande ambao siku za mbio ukifungua dirisha unasikia kipaza sauti cha uwanja wa farasi kikitaja majina mbio mbio, kama kinakimbia chenyewe. Asubuhi za baridi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu na zilivunjika chini ya viatu vya shule. Mama alipika chapati kwenye jiko la umeme lililobaki na duara moja tu linalowaka, na nyumba ikanukia iliki aliyoifuata mjini kwa Wahindi. Kazi yangu ilikuwa kuchambua mchele na kukimbia spaza, kiduka cha mtaani, kuleta maziwa. Nilipenda kwenda spaza kwa sababu huko nilizungumza Kizulu haraka haraka na hakuna aliyenigeukia kunitazama.

Mama hakuwa na pa kukimbilia namna hiyo. Kizulu kilimpiga chenga, Kiingereza alikijua cha salamu na bei. Sokoni alionyesha kwa kidole. Aliyeweza kuzungumza naye alikuwa jirani yetu mmoja, mama wa Lubumbashi, na kila mmoja alicheka Kiswahili cha mwenzake kila siku bila kuchoka. Baba alitoka alfajiri na kurudi amechoka, na kadiri miaka ilivyokwenda Kiswahili chake kilipungua kama sabuni. Mimi nami nilikuwa nimefundishwa kuitika "abee" mama akiniita. Wenzangu walipoisikia walinicheka mtaa mzima, wakaigeuza mlio wa kondoo. Basi nikaanza kuitika "yes, Ma". Mama hakunikaripia. Alikuwa akiniita tena, kana kwamba hakusikia kitu, halafu mara ya tatu, halafu anakuja mwenyewe chumbani na mikono yake ya unga.

Jumapili moja mchana, akimenya vitunguu, alisema shule zikifungwa mwisho wa mwaka anarudi Tabora. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akaongeza, "Mtoto atachagua mwenyewe."

"Eish, Mama," baba akasema. "Mimi nilikaa kwenu miaka yote ile, sikulalamika."

"Ulilia kila Krismasi," mama akamjibu, na kisu hakikusimama.

Mimi nilicheka, kisha nikaona niko peke yangu. Tangu siku ile nilibeba neno lile, kuchagua, kila nilipokwenda. Nililipeleka shuleni, nikalilaza kitandani. Hakuna mtoto anayepaswa kupewa neno zito hivyo na watu wawili anaowapenda sawasawa.

Baba akatafuta dawa. Babu yangu wa Tabora alikuwa mkuu wa kituo kidogo cha reli, na mama alikulia ndani ya ua wa stesheni. Basi kazini baba aliposikia kuna onyesho kubwa la treni ndogo kule kaskazini mwa jiji, aliona Mungu amemjibu. Tulivaa nguo za Pasaka, tukapanda daladala mbili, huku wanaziita teksi.

Nitakuwa mwadilifu kwa onyesho la kaskazini, maana wapenzi wengi bado wanaliapia. Ukumbi ulikuwa mkubwa kama soko. Kulikuwa na milima yenye theluji, miji yenye taa madirishani, na treni ndefu mpaka kichwa kilikuwa kinaingia handakini upande huu na behewa la mwisho bado linatoka upande ule. Zilikwenda tano, sita kwa pamoja, hazigusani, zote zinaongozwa na bwana mmoja mwenye kidude mkononi. Harufu ilikuwa ya pankeki za mdalasini na mazulia mapya. Kamba nyekundu ilizunguka kila meza. Baba alifurahi kuliko watoto.

Mama alisimama muda mrefu mbele ya treni moja ya abiria, mkoba kifuani. Ilimpita, ikapotea mlimani, ikampita tena. Ilipita vituo vyote bila kupunguza mwendo, na watu wadogo wa plastiki wamesimama pale na masanduku yao.

"Inakwenda wapi?" akauliza.

"Haiendi mahali," baba akasema. "Inazunguka tu."

"Basi ni mimi hiyo," mama akasema, akageuka kutafuta mlango.

Tukaondoka. Baba alinunua pankeki ya tatu ambayo hakuna aliyeitaka, ikapoa kwenye mapaja yake mpaka nyumbani. Nilimwonea huruma sana siku ile, na mama pia nilimwonea huruma, na sikujua huruma hiyo niigawe vipi.

Onyesho la kusini hatukulitafuta, lilitukuta. Ilikuwa Septemba, upepo wa vumbi, tunatoka kununua mboga mimi na mama. Tulipita kwenye ukumbi wa parokia ambao mlango wake ulikuwa wazi, na ndani ikalia kengele. Mlio mmoja, mfupi. Mama akasimama katikati ya barabara ya watu. Ikalia tena. Akaingia na mifuko yake ya spinachi kama mtu aliyeitwa jina.

Ndani palinukia nta ya sakafu, mafuta ya mashine na chai iliyochemka mno. Meza ilikuwa moja, lakini ilivuka ukumbi mzima, kutoka jukwaani mpaka karibu na mlango, na juu yake njia moja tu ya reli. Haikuzunguka. Ilianza stesheni moja na kuishia nyingine, katikati kuna nyasi kavu, mashamba ya mahindi na kituo cha bati. Jukwaani alikaa mzee wa Kireno aliyewahi kufanya kazi ya reli huko Msumbiji kabla hajahamia huku. Mbele yake palikuwa na treni fupi, kichwa na mabehewa manne, imesimama. Alibonyeza kengele, akangoja. Upande wetu, karibu na mlango, kilikuwa kiti kitupu na kengele nyingine juu ya kibao. Mwenzake alikuwa ameenda kupanga foleni ya chai.

Lazima uelewe jinsi mama alivyolelewa. Kwenye reli ya njia moja, treni haiondoki kituoni mpaka kituo cha mbele kiulizwe kama njia iko wazi, na kiitike. Babu aliwaambia watoto wake kwamba kengele ni hodi, na nyumba isiyoitikia hodi si nyumba. Mama alikuwa akisikia hodi ya tatu. Nikamshika koti, nikamwambia kwa Kiingereza tusiguse, maana kule kaskazini mtoto mmoja alifokewa kwa kuvuka kamba tu. Akaweka mifuko chini, akanyoosha mkono, akabonyeza mara moja.

Watu waligeuka. Mzee akainua kichwa, akamwona mwanamke mwenye khanga juu ya koti la baridi, amesimama wima kama askari. Alimtazama kidogo tu. Kisha akafungua njia, na treni ikaja. Ilikuja polepole, ikapita mahindi, ikasimama kituo cha bati ikapumua, ikaja tena, ikaingia stesheni ya mama na kusimama mbele yake kabisa. Akabonyeza kumwambia mzee kwamba imefika. Nikaona uso wake. Nilikuwa nimesahau kwamba mama ana uso ule.

Tangu hapo alikuwa na kiti chake. Maonyesho yalikuwa mara mbili kwa mwaka, lakini chama cha mzee na wenzake kilifungua ukumbi Jumamosi nyingi kwa mazoezi, na mama alikwenda baada ya kufua. Alipeleka kalimati, zikashindana na keki zao za sukari na kushinda. Yeye na mzee wa Kireno hawakuwa na lugha hata moja waliyoijua vizuri wote wawili. Sidhani kama waliikosa. Jirani wa Lubumbashi alimtania, "Mama, unaenda tena kuangalia treni ya batoto? Na hauna hata mtoto mwanaume." Mama alimjibu kwamba treni haijui mwanaume.

Novemba ikaingia, na safari ya Tabora bado ilikuwa pale, haijatajwa tena wala haijafutwa. Begi kubwa lilikuwa limeteremshwa kutoka juu ya kabati. Jumamosi moja mwenza wa yule mzee aliugua, na mzee mwenyewe alikuwa na kazi ya kuchomelea waya. Akaninyooshea kidole mimi, kisha akakionyesha kiti cha jukwaani. Nilikuwa nimemwona mama mara nyingi, nilijua kazi. Nikakaa. Kati yangu na yeye palikuwa na ukumbi mzima na migongo ya watu, simwoni, hanioni.

Kengele yangu ikalia. Mlio mmoja.

Nilijua ni yeye, na nilijua anangoja. Hakuna aliyekuwa akinicheka pale. Nikabonyeza, na baada ya muda treni ikatokea kati ya migongo ya watu, inakuja kwangu, kutoka kwa mama. Tulipelekeana treni ile mchana kutwa. Jioni yake tukipika, aliniita nimletee chumvi, nami nikaitika "abee" kabla sijajua nimeitika nini. Baba, aliyekuwa akisoma gazeti, alilishusha, akatutazama mmoja mmoja. Wiki ile ile begi lilirudi juu ya kabati, na hakuna aliyetangaza lolote.

Basi ukiniuliza kuhusu madaraja na taa, kaskazini wameshinda, na bado wanashinda. Ukumbi wao umekua na treni zao sasa zinatoa moshi na sauti. La kusini halipo. Mzee wa Kireno alifariki, wenzake wakazeeka, meza ikakatwa vipande na kugawanywa, na ukumbi ukakodishwa kwa kanisa la spika kubwa. Nilipita mwaka jana. Pale palipokuwa stesheni ya mama pana ngoma na gitaa, na watu wanaimba vizuri, siwezi kulalamika. Ila nikifunga macho bado nanusa nta ya sakafu.

Mama alikwenda Tabora mwishowe, lakini miaka mingi baadaye, nilipomaliza shule. Bibi alikuwa amebaki peke yake na macho yamefifia. Baba alishakubali, alisema atamfuata akistaafu, na kweli alimfuata, mkimbizi yule akarudi nchi aliyoikimbilia, na sasa ananiambia anapakumbuka huku kila Krismasi. Aliyebaki kuulizwa alikuwa mimi. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda changu mchana mmoja, akaniuliza kama aende. Aliniuliza tena, akangoja, na nilielewa kwamba hatakunja hata khanga moja begini mpaka nimjibu, hata kama itamchukua mwaka. Nilitaka kusema usiende. Nilikuwa na haki ya kusema hivyo na angelikubali.

Nikamwambia, "Nenda, mama."

Tunapigiana simu, tunacheka, ananisomea bei za mchele. Lakini kupigiwa simu si kuitwa. Kuitwa ni mtu yuko chumba cha pili, anajua upo, na haendelei na lake mpaka akusikie. Watoto wangu Kiswahili wanakielewa na wananijibu Kizulu. Ninawaita hivyo hivyo, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, halafu ninakwenda mwenyewe.