Macho ya Mtachoka

Naikumbuka asubuhi ile, mwanangu, mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo na Tabora nzima inanuka udongo. Nilikuwa nimeolewa miezi minne tu, mume wangu fundi wa reli, na roho yangu ilikuwa inataka kitu kimoja: uyoga. Sisi tuliozaliwa upande wa Sikonge, mvua ya kwanza ikipiga tunajua uyoga unachipuka wapi. Pale mjini uliuzwa sokoni umeshanyauka. Mimi niliutaka wa kuchuma kwa mkono wangu.

Nimesikia umeletewa mtoto wa mbwa, na kwamba unamlisha mkate na chai. Ndiyo maana nakusimulia habari hii, ingawa hainipambi hata kidogo. Kaa hapo, weka hiyo simu chini.

Mama mkwe wangu aliitwa Mama Nyamizi. Alikuwa mjane, mfupi, Mmoraviani wa kweli, sauti yake kanisani ilisikika kuliko ya kwaya nzima. Marehemu mumewe alikuwa mswagaji wa ng'ombe, akiwapitisha porini miaka na miaka. Alipofariki, mtaa ulingoja mama aolewe tena. Yeye akanunua mbwa. Watu wakasema sana. Hakumjibu mtu. Alimpa mbwa wake jina la Mtachoka, na kila jioni akawa anasimama mlangoni na kumwita kwa sauti mtaa mzima usikie: Mtachoka, njoo ule! Usicheke. Enzi zile ndivyo tulivyojibizana bila kugombana.

Katika maisha yangu sijaona mtu aliyejua kutunza mnyama kama mama yule, na nimeishi kwingi. Mwaka wake wote ulimzunguka mbwa yule. Kiangazi kikikaza, Septemba na Oktoba, mchanga wa Tabora unapounguza hata nyayo za binadamu, alimtembeza alfajiri tu. Maji yake aliyaweka kwenye chungu kilichozikwa nusu ardhini, kwenye kivuli cha ukuta, na aliyabadilisha asubuhi na adhuhuri. Aliniambia chungu kikishaota ukijani ndani, unamnywesha mnyama ugonjwa. Baridi ya Juni na Julai alimtandikia gunia juu ya nyasi kavu, na chini ya nyasi alinyunyiza majivu ya jikoni ili viroboto wasipate pa kuzaliana.

Masika ndiyo hakumpumzisha kabisa. Kila jioni alimlaza mapajani, akapitisha vidole nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole vya miguu, akitafuta kupe. Akimpata kupe, hakumnyofoa kwa pupa. Alimshika chini kabisa, pale ngozini, akamvuta taratibu mpaka atoke mzima, akamtosa kwenye kopo la mafuta ya taa. Jirani mmoja alikuwa akimpaka mbwa wake mafuta ya taa mwili mzima. Mama alimfuata nyumbani kwake akamgombeza kama mtoto, akamwuliza kama ile ni ngozi au ni utambi. Wala hakumruhusu Mtachoka alale kwenye mchanga wenye unyevu, maana kuna nzi anayetaga hapo, na funza wake huingia ngozini na kutoa majipu. Haya yote hakuyasoma popote. Aliyatazama tu kwa macho yake, mwaka hadi mwaka.

Na akishamaliza, alimshika kidevu, akamgeuzia uso penye mwanga, akamtazama machoni, jicho moja, halafu la pili, kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nikicheka kimoyomoyo. Kwetu mbwa alikuwa mbwa. Walikufa kila mwaka, tukaletewa wengine, na hakuna aliyeuliza wamekufa na nini.

Basi wiki ile ya mvua ikaja habari kuwa dada yake wa Bukene anaumwa. Mama akafunga mzigo wake akapanda treni ya Mwanza. Aliniagiza mambo mengi ya nyumba, nimeyasahau yote isipokuwa la mwisho: nisimpeleke Mtachoka porini, hata iweje. Nikaitikia, ndiyo mama. Kuitikia nilikuwa hodari.

Kesho yake tu nikachukua kikapu. Kwenda peke yangu niliogopa nyoka, nikaona nimchukue mbwa anitangulie. Nikajiambia tunarudi mapema, nani atajua?

Sasa usikilize vizuri hapa. Siku hizo, wakati wa Mwingereza, kwenye barabara ya kuingia mjini kutoka porini kulikuwa na kizuizi cha mbung'o. Unamjua mbung'o? Ni nzi mkubwa wa porini, anauma hata juu ya nguo, huleta malale kwa watu na huua ng'ombe. Kizuizi chenyewe kilikuwa banda tu, na ndani yake mzee mmoja mwenye kaptula ya kaki na kiwavu mkononi. Kila anayetoka porini, mwenye baiskeli, mwenye mzigo wa asali, hata mzungu na gari lake, sharti asimame akaguliwe mgongoni, mbung'o wakamatwe palepale wasiingie mjini. Mzee wa banda lile, Mzee Maganga, alikuwa rafiki wa marehemu baba mkwe. Kwa hiyo kwenda nilimkwepa, nikapita njia ya mashambani.

Uyoga niliupata, sikufichi, kikapu kilijaa. Lakini na mbung'o nao walitupata. Mimi walinichoma mgongoni mara tatu nne, nikawapiga kwa kanga. Mtachoka alikuwa mweusi, na mbung'o anapenda kitu cheusi kinachotembea. Walimganda tumboni na shingoni, akajigaragaza chini akilia. Nikamfukuzia wachache, nikaona yamekwisha.

Tukirudi nikaliona lile banda kwa mbali. Nikafikiri, Mzee Maganga akimwona mbwa huyu, mama naye atajua. Nikakata kushoto nikapita katikati ya mihogo. Wangapi niliwaingiza mjini mgongoni mwa mbwa yule, Mungu ndiye ajuaye.

Mama aliporudi alimtazama mbwa machoni, akaridhika. Akaniuliza kama alitoka uani. Nikamwambia hakutoka hata mguu mmoja. Uyoga nilisema nimenunua sokoni, naye akala akausifu, na mimi nikameza matonge yangu nikitazama chini.

Zikapita kama siku kumi. Mtachoka akaanza kuacha chakula. Mwili ukawa wa moto, ukapoa, ukawa wa moto tena. Mbavu zikaanza kuhesabika. Kisha asubuhi moja mama akamgeuzia uso penye mwanga, nikaona mkono wake umesimama. Juu ya mboni za macho kulikuwa na utando mweupe wenye ubuluu, kama maji yaliyooshewa mchele. Akaniuliza mara ya pili kama mbwa alitoka. Nikasema vilevile, hakutoka. Mwanangu, uongo wa kwanza niliusema kwa woga. Wa pili niliusema kwa sababu tu wa kwanza nilishausema.

Siku mbili baadaye Mtachoka alitoka mlangoni akiyumba, udenda unamtoka, akijigonga ukutani. Mtoto wa jirani akamgusa mgongoni kwa ghafla, naye kwa kuwa haoni aligeuka na kutaka kumng'ata. Jino halikumfikia, lakini mtaa ulilipuka. Kichaa cha mbwa! Bi Zuwena wa nyumba ya pili, ambaye mumewe, Mwarabu wa pale pale Tabora, alikuwa na duka la asali na nta, aliwaita watoto wote ndani akafunga mlango. Simlaumu, wala simlaumu mtu yeyote. Kichaa cha mbwa si mchezo. Dalili zikishamtokea binadamu, ameshakwenda, wakati ule na hata leo.

Akaja Bwana Mifugo, kijana wa upande wa Igunga, mwenye adabu zake. Alimwamkia mama shikamoo kabla ya neno lolote. Nyuma yake alikuja askari mwenye bunduki. Mtachoka alikuwa amefungwa kwenye nguzo, amelala. Yule kijana akamtazama kwa mbali, akauliza maswali moja moja. Amepigana na mbwa mgeni? Hapana. Amewahi kufika porini mvua hizi?

"Hajatoka uani," mama akasema. "Mkwe wangu alikuwa naye siku zote, na mkwe wangu hasemi uongo."

Bwana Mifugo akaeleza kwa upole kwamba macho yale yangemfanya afikirie mbung'o. Lakini mbung'o hawafiki mtaani pale, na kama mbwa hajafika porini, yeye hawezi kuwahatarisha watoto wa watu. Akamtazama askari. Mama hakulia. Alivua kanga yake ya juu, akaomba ruhusa amfunike kwanza Mtachoka uso, asiione ile bunduki.

Nilijua nikifungua mdomo, nyumba ile sina tena, nitarudishwa kwetu na kikapu changu cha aibu. Nilijua pia kwamba katika uwanja ule wote, mtu mmoja tu ndiye aliyejua kilichomkuta mbwa yule.

"Nilimpeleka porini," nikasema. "Nilikwenda kuchuma uyoga. Mbung'o walimwuma sana."

Mama hakugeuka kunitazama. Aliuliza tu ni siku ngapi sasa. Nikamwambia kumi na tisa.

Bwana Mifugo akamzuia askari kwa mkono. Akamwambia mama amshike mbwa kichwa kwa ile kanga, akamchoma sikioni, akatoa tone la damu juu ya kioo, akapanda baiskeli kwenda kuitazama kwa darubini. Tukakaa pale na askari tukimngoja. Aliporudi alikuwa anatabasamu. Vijidudu vya mbung'o vilikuwa vimejaa kwenye damu. Dawa aliyokuwa nayo ni ya ng'ombe, na ya mbwa lazima ipimwe kwa uzito wake, ikizidi inamwua. Tutampima wapi? Mlango wa nyumba ya pili ukafunguka. Bi Zuwena, ambaye hata kivuli cha mbwa alikiruka, akasema mizani ya duka ipo, wachukue. Akaongeza kuwa itaoshwa kwa maji na udongo kama dini yake inavyotaka, hilo ni kazi yake mwenyewe, lakini mbwa wa jirani apimwe. Nilimheshimu mwanamke yule mpaka nilipomsindikiza makaburini.

Mtachoka akachomwa sindano. Mimi nikaingia ndani kufunga nguo zangu. Mama alinikuta nimeshakaza fundo la mwisho. Akaketi kwenye kigoda, akanitazama kwa muda mrefu.

"Kunidanganya mimi nitakusamehe, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kinyamwezi, "maana mimi nina mdomo, ningeweza kukujibu. Huyu hana. Hawezi kusema nilipelekwa mahali fulani, nikaumwa na kitu fulani. Mdomo wake ulikuwa wewe, na wewe ukaufunga."

Nikangoja aniambie niondoke. Akainuka, akakung'uta kanga yake.

"Fungua hizo nguo. Kuna mgonjwa wa kuuguza."

Tulimwuguza mwezi mzima. Supu ya mifupa isiyo na chumvi, maji kidogo kidogo, kumgeuza ubavu asitoke vidonda, kumkinga macho na jua. Niliyafanya mengi mimi, na mama aliniacha niyafanye. Alipona, ila jicho la kushoto lilibaki na ukungu hadi uzee wake. Kwa Mzee Maganga nilipelekwa nikaungame mwenyewe, na yule mzee hakunifokea. Alichukua kiwavu chake, akaenda kukagua ng'ombe wa upande ule wa mihogo niliopitia, mmoja mmoja. Mume wangu alichelewa kunisamehe kuliko mama yake.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, mama alikwenda tena Bukene. Nilingoja aniagize. Hakuniagiza neno lolote. Alinikabidhi kamba ya mbwa mkononi, akanibusu kwenye paji la uso, akaelekea stesheni. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, mwanangu, kwa furaha. Sifa nyingi nimepewa maishani, hiyo ndiyo ninayoihesabu.

Basi huyo mtoto wa mbwa uliyeletewa, kwanza mwachishe hiyo chai. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apate dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa, na chanjo uirudie kama atakavyokuambia, usingoje mpaka usikie kelele mtaani. Kiangazi mpe kivuli na maji safi, masika umtafute kupe kila jioni kwa vidole vyako mwenyewe, baridi umpe pakavu pa kulala. Na kama nyumbani mna paka, dawa ya kupe ya mbwa usimpake paka, inaua. Dawa yako ya kichwa usimpe yeyote kati yao. Mtazame machoni kila siku akiwa mzima, ndipo utakapojua siku anapoumwa. Na daktari akikuuliza, sema lote: ulimpeleka wapi, alikula nini, ulichelewa siku ngapi. Sema hata lile litakalokudhalilisha mbele ya watu unaowaheshimu. Aibu yako utaishi nayo, utaizoea. Yeye asiposemewa anakufa.

Mungu akupe vidole vyenye subira na moyo usiojificha, mwanangu, na kila kilicho chini ya mkono wako kinenepe.