Mgeni Rasmi Kutoka Nkoaranga

Ofisa mikutano wa shirika moja pale Sekei haamini mfumo wowote wa kompyuta mpaka aujaribu kwa ng'ombe wake. Ukiletwa mfumo wa kuandalia mikutano, hukunja mikono ya shati, hupuliza kibodi kama anawasha jiko la mkaa, kisha humwandikisha Pendo, ng'ombe aliyeko zizini Nkoaranga, kuwa mgeni rasmi. Safari hii alipewa mitatu ailinganishe, na mkurugenzi, Mama Elinipa, alitaka jibu kabla ya mkutano mkuu. Wa kwanza ulimdai Pendo kitambulisho. "Adabu hauna!" akasonya. Wa pili ukampangia kiti cha nyuma kabisa, karibu na choo; huo aliufunga bila hata kuaga. Wa tatu ukauliza mgeni anapenda chakula gani. Uso ukamlainika. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole: migomba iliyokatwakatwa, chumvi kidogo. Akabonyeza "Tuma".

Asubuhi Mama Elinipa akaingia na simu mkononi. "Baba, hoteli ya mkutano wamepiga, wamepata oda kutoka kwenye mfumo. Wanauliza hiyo migomba ya mgeni rasmi ikatwe vipande vikubwa au vidogo?"

Akakunjua mikono ya shati taratibu; msimamo haukuyumba.

"Tuchukue mfumo huo huo, mama. Ile mingine haikujali hata kama mgeni amekula."